Koki Nyekundu

Makaa aliikamata koki nyekundu kwa mikono miwili, akaizungusha mpaka ikagoma. Nyuma ya ukuta, ndani ya chumba cha kukaushia mbao, mvuke ulianza kufoka. Akajifuta jasho, akaketi juu ya rundo la kuni, akausikiliza kama mtu anayesimuliwa habari njema.

Mle chumbani mlikuwa na mbao za mikaratusi zilizokaushwa kwa siku ishirini na tano. Zilikuwa kazi ya wifi yake, na leo zingeloa chapachapa.

Huu ulikuwa mwaka wa tisa Makaa akililisha boila la kiwanda cha baba yake. Wapakiaji ndio waliompa jina hilo, naye hakulikataa. Kope zake zilikuwa zimeungua mara tatu. Katika miaka yote hiyo mzee hakuwahi kumsifu. Alichungulia tu mlangoni, akauliza kama kuni zinatosha, akaondoka.

Kisha kaka yake, dereva wa lori, akaoa. Bibi harusi alikuja na cheti cha chuo na debe la rangi ya kuziba vichwa vya mbao zisipasuke. Alizipanga mbao za mkaratusi akiweka vijiti kati ya safu na safu ili hewa ipite, na mawe juu yake zisipinde. Mzee, ambaye tangu ujana alikausha mbao laini za misindano tu na kuuona mkaratusi kuwa mti wa nguzo, alipitisha kiganja juu ya mbao zile akasema, "Binti yangu, una mkono." Siku hiyo alisema "binti yangu" mara nne. Makaa alihesabu. Hata mara moja hakuambiwa yeye.

Wapakiaji nao hawakumsaidia. Walisema siku kuni zikiisha, wivu wa Makaa utaendesha kiwanda mwezi mzima.

Mzigo huu ulikuwa wa sakafu ya ukumbi wa shule. Mzee alikuwa amechoshwa na mgongo wake, akawatangazia wote mezani: fundi sakafu akizikubali mbao, funguo za kiwanda zinakwenda kwa mkwewe. Akizikataa, zinakwenda kwa Makaa.

Basi Makaa akafanya alichoweza. Joto la chumba lilitoka kwenye boila lake, na wifi alikuwa akija asubuhi kuomba kiasi alichotaka. Siku ya nne aliomba liongezwe. Makaa akalipunguza, akasingizia kuni mbichi. Siku ya kumi na tano aliomba lipunguzwe. Makaa akatupia kuni mpaka mabomba yakalia. Wifi hakulalamika. Alisema tu, "Ahsante, wifi," akaenda zake, na upole ule ulimchoma Makaa kuliko moto wenyewe.

Jana alikuja tena, sauti chini.

"Wifi, nakuomba jambo moja tu. Kesho nashinda mjini kununua misumeno. Ile koki nyekundu, ya kupuliza mvuke mle ndani, isiguswe."

"Kwani ikiguswa?"

"Nitakuwa nimekwisha, wifi yangu. Usinicheke."

Makaa alimwambia aende salama. Koki ile haikuguswa tangu ilipowekwa, nani aje kuigusa kesho?

Mvuke ulifoka mchana wote. Wifi aliporudi na kufungua mlango wa chumba, wingu zito lilimfunika. Makaa alikuwa amejibanza nyuma ya mapipa. Alimwona akiufunika uso kwa viganja viwili, mabega yakimtetemeka. Makaa akaenda nyumbani, akala chakula cha watu wawili.

Wiki iliyofuata wifi hakumshtaki kwa yeyote. Alizikausha tena mbao zake taratibu, akaziacha zipoe, akamwita mteja.

Fundi sakafu alikuwa mtu asiyependa salamu ndefu. Alipiga randa ubao mmoja, akaukata katikati, akautazama moyo wake. Akachukua mwingine, akaulenga kwa jicho moja kama bunduki. Makaa alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani, akisubiri neno moja tu.

"Mkaratusi una hila," fundi alisema. "Ukikauka hunywea, uso ukawa mawimbi kama ubao wa kufulia. Mvuke mwingi karibu na mwisho ndio unaourudisha, na wengi hawalijui hilo. Hizi zimerudi zote. Nani alizipiga mvuke?"

Mzee alimgeukia mkwewe.

"Tulisaidiana na wifi," alijibu.

Mzee hakutaka kujua zaidi. Alitoa funguo mfukoni, akamwekea kiganjani, akamwita binti yangu. Kisha watatu wale wakatoka kwenda kusimamia upakiaji.

Makaa alibaki peke yake na maranda. Alijaribu kujiambia kuwa ni bahati. Mtu anabahatika, basi. Hata kipofu huokota sindano. Juu ya meza wifi alikuwa ameacha daftari lake la kazi. Makaa akalifungua kutafuta kosa, hata moja, la kumpelekea mzee. Kila ukurasa ulikuwa wa siku moja, na mwandiko ulikuwa safi.

"Siku ya nne. Ninachotaka: joto lipungue. Nitakachoomba: liongezwe."

Alirudia kuusoma ukurasa ule. Kisha akafunua mbele haraka haraka.

"Siku ya ishirini na sita. Ninachotaka: mvuke, mchana kutwa. Nitakachoomba: koki isiguswe."