Mbuzi ya Bi Mgeni

Kila asubuhi Salha alikunja mkeka wa sebuleni, akaweka mbuzi ya nazi juu ya meza na kuegemeza simu yake hapo. Kisha aliwafundisha mazoezi, kwa video, wanawake wa miji ambayo hajawahi kufika.

Leo walikuwa wamechuchumaa wote pamoja, mkono ulipotokea kando na kuichukua ile mbuzi. Simu ikaanguka chali. Wanafunzi wakabaki kutazama dari.

“Mama, jamani! Tena?” Salha alisema kwa upole. Wanafunzi wawili walishaondoka kwa sababu ya vurugu hizi, na darasa lenyewe ndiyo kwanza linachipua.

“Nataka kukuna nazi,” alijibu Bi Mgeni, mama mkwe wake.

“Nazi yenyewe iko wapi?”

Bi Mgeni akatazama mikono yake. Hakuwa na nazi.

“Mwalimu, mkweo anakuonea wivu!” sauti ilicheka kutoka kwenye simu.

Salha hakucheka. Alikumbuka kwamba mama huyu huja kila mara wanapoanza kuchuchumaa, na kwamba tangu magoti yaanze kumsumbua hajaikalia tena mbuzi yake. Akaichukua mikononi mwa mkwewe, akaiweka sakafuni taratibu, kati yao wawili.

“Mama, sema tu. Unataka nini hasa?”

Bi Mgeni akakaza kanga kiunoni.

“Nataka nikikaa hapo niinuke mwenyewe,” alisema, kwa sauti iliyofika miji yote ile. “Nifundishe na mie, mwanangu.”