Picha za Mpakani

Mfuniko wa birika uligonga mara moja jikoni, kisha ukashikwa usigonge tena. Nje bado kulikuwa giza. Kokubanza aliketi kitandani akasikiliza. Mtu mwenye nia njema, alijiuliza, anaogopaje kelele?

Kulipopambazuka alitoka uani. Mgeni asiyemjua alikuwa ameshasimama ukingoni mwa shamba, kamera usoni. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba. Chini, ukungu wa Mto Kagera ulikuwa umefunika bonde lote, na vilima vya Rwanda vilichungulia ng'ambo. Mgeni hakuupiga picha ukungu. Alikuwa akipiga picha milamula, mimea ile mirefu iliyopandwa mstari kuonyesha shamba linaishia wapi. Mmoja baada ya mwingine.

Kokubanza alijua maana yake. Hakuna anayehangaika na milamula ya mwenzake ila anayetaka kununua, au kunyang'anya.

"Shikamoo, Mama," mgeni alisema. "Kuna baridi." Akavua sweta lake, akamfunika nalo mabegani, akampa kikombe cha chai ya maziwa yenye tangawizi.

Ilikuwa vile vile anavyoipenda. Hilo nalo lilimtia shaka.

"Marahaba. Wezi wa siku hizi mnakuja na sweta?"

Mgeni alicheka. "Naandika habari za mlima huu, Mama. Picha zangu, maneno yako. Hebu niambie, milamula ile ni ya nini?"

"Shamba hili lina mwenyewe," Kokubanza alisema. "La binti yangu, Restuta. Yuko chuo cha ualimu. Akirudi likizo hatalikuta limeuzwa, labda niwe nimekufa."

"Haliuzwi, Mama."

"Ndivyo mnavyosema wote."

Jirani yao Dastan alipita akiswaga ng'ombe kwenda malishoni juu. "Shikamoo, bibi! Mmelalaje?"

"Dastan, njoo hapa. Unamjua huyu?"

Dastan alimtazama mgeni. Mgeni alitikisa kichwa kidogo sana.

"Namjua, bibi," Dastan alisema, akiangalia fimbo yake. "Ni mtu mzuri."

"Na wewe wameshakununua! Kwa soda ngapi?"

"Mbili, bibi. Tena za baridi." Akawafuata ng'ombe wake haraka.

Basi yuko peke yake. Kokubanza aliona heri atumie akili. Mgeni alipouliza tena, alimdanganya. Milamula ni mapambo tu, alisema. Chemchemi imekauka. Kahawa haizai. Migomba yote ina mnyauko. Mgeni aliandika kila neno daftarini kwa mwandiko wake wa duara, bila kubisha, ingawa nyuma ya Kokubanza mikungu ilikuwa imeielemea migomba mpaka imeegemezwa kwa miti.

"Nisomee ulichoandika," Kokubanza alisema. Alitaka kusikia ekari. Alitaka kusikia bei.

Mgeni alivaa miwani, akafunua kurasa za nyuma, akasoma. Hapakuwa na ekari. Palikuwa na bibi harusi aliyepanda mlima huu mara ya kwanza, akapumzika mara kumi na moja huku mashemeji wakihesabu kwa sauti. Palikuwa na mvua ya mawe iliyoangusha maua ya kahawa, na mume aliyeyaokota mawe yale ya barafu kwenye kofia amletee mkewe aliyelala na homa. Kando ya kila habari palikuwa na picha: njia ile ya kupanda, mibuni ile, kizingiti kile.

"Nani kakupa hayo?"

"Wewe, Mama."

"Lini?"

"Siku ulizojisikia kuzungumza."

Kokubanza hakuikumbuka hata siku moja. Lakini kofia aliikumbuka, na ubaridi wa mawe yale kwenye paji la uso wake. Mtu wa kununua shamba angeandika habari za kofia ili iweje?

"Futa," alisema. "Futa ya leo yote. Migomba haina mnyauko, nimekudanganya. Na milamula ndiyo mpaka. Mume wangu aliipanda mwaka aliozaliwa Restuta, ili mtoto asije akasumbuliwa na watu."

Mgeni alikata mistari ile kwa kalamu, taratibu, akaandika upya. Ilimchukua muda.

"Una moyo mzuri," Kokubanza alisema. "Nisamehe maneno ya asubuhi. Unatoka mbali?"

"Si mbali sana, Mama."

"Ungemkuta binti yangu, mngepatana. Na yeye anapenda sana kuandika."

Restuta alifunga daftari, akainama, akaishika mikono yote miwili ya mama yake.

"Uje tena kututembelea," mama yake alimwambia. "Usikawie."