Chachu Aliyeweka Akiba Sukari Ikiwa Nusu

Palikuwa na bakuli la unga wa vitumbua, na ndani yake waliishi chachu, viumbe wadogo wasioonekana, kazi yao kula sukari na kuumua unga. Wawili kati yao walikuwa ndugu. Bushuti alikuwa mlafi, na mdogo wake, Kibindo, alikuwa na jicho la kupima.

Walikula pamoja, kila mmoja akizaa wanawe. Sukari ilipobaki nusu, Kibindo aliacha kuzaa, akaanza kujiwekea sukari tumboni.

"Unaumwa, mdogo wangu?" Bushuti aliuliza.

"Hapana, dada. Naweka akiba."

"Akiba ya nini, nasi tunaogelea kwenye sukari?"

"Ndiyo maana naweka sasa. Ikiisha, nitaweka nini?"

Bushuti alicheka mpaka akatoa povu.

Asubuhi mama muuza vitumbua alikaanga unga wake, akaliacha bakuli juani bila kuliosha, maana mabaki yake ndiyo humchachulia unga wa kesho. Mabaki yakakauka. Bushuti akafa kwa njaa. Kibindo akajikunyata na akiba yake, akalala.

Inzi alitua ukingoni. "Hodi humu!" Hakuitikiwa. "Wamekwisha wote," akasema, akaruka zake.

Jioni yalimiminwa maji ya uvuguvugu yenye sukari, na unga mpya. Kibindo akajinyoosha, akala akiba yake, akapata nguvu. Akazaa binti, akamwita Bushuti.

"Mama, sukari tele! Nile?"

"Kula, mwanangu, ushibe," Kibindo alisema. "Ila ikibaki nusu, niite."