Makande ya Kutema

Mtaani kwa mwanangu Shomari nyumba hazina choo. Hupangishwi mpaka ukatwe utumbo mpana, kisha unaishi kwa uji wa dawa usioacha taka. Eti ndio ustaarabu!

Nilipowapikia makande, Shomari na mkewe Mwanaidi waliyatafuna kwa adabu, wakayatema kwenye vikopo, halafu wakanisifu. Mijitu mizima inatema chakula cha mama kama makohozi!

Mjukuu wangu Tunu, ambaye bado anatumia poti, ndiye pekee aliyemeza. Akaomba tena.

“Mpe, mama,” alisema Mwanaidi, akimwekea binti yake kikopo kipya. “Anakatwa Jumatatu, ajizoeze.”

Tunu akatafuna, akatema, akanigeukia akitabasamu.

“Bibi, nimeweza?”