Mstari wa Nne

"Maumivu yamefika ngapi leo, babu, moja hadi kumi?" Daktari Zawena aliuliza, faili mkononi.

Mzee Makungu, mtunzi wa mashairi tangu ujana wake, alifumba macho.

"Mwili wangu wanikana, waniita mpangaji."

Zawena aliuandika mstari huo pale pa kujaza namba. Kila asubuhi akapewa mwingine. Siku ya tatu mzee alimwambia, "Wa nne utanijibu wewe, mjukuu wangu. Mizani kumi na sita, usinipunje."

Kesho yake kitanda kilikuwa kimeshatandikwa shuka safi. Muuguzi alikuja kuchukua faili la marehemu.

"Bado," alisema Zawena.

Alikuwa ameketi kando ya kitanda, akihesabu mizani kwa vidole. Kila alipofika kumi na tano, alianza upya.