Batasa Chini ya Ulimi

Sutapa alimulika tochi kinywani mwa kaka yake, akaona chini ya ulimi kitu cheupe ambacho hakikuwa fangasi.

Fangasi mwenyewe Sutapa alimjua vizuri. Alikuwa ameutanda ulimi wote kama maziwa yaliyoganda, sasa anateremka kooni, na dawa ilikuwa haimtikisi. Asubuhi hiyo hiyo, katika maabara yake hapo hospitalini Kolkata, Sutapa alikuwa amelinganisha visahani viwili vya fangasi huyo. Aliyenyimwa sukari alikufa kwa dawa. Aliyelishwa sukari alistawi juu ya dawa ile ile, mnene, anang'aa.

Akakichomoa kile kitu kwa kibanio. Ilikuwa batasa, donge la sukari linalotolewa sadaka hekaluni, imeyeyuka nusu.

"Mama, nani kamwekea hii?"

"Mimi," mama akajibu kwa fahari. "Imetoka hekaluni, miguuni pa mungu wetu Kali. Kila alfajiri namtilia moja. Ulitaka nimwachie hayo madawa yenu tu?"

"Mama, hiyo ni sukari!"

"Sukari inauzwa dukani. Hii ni baraka, shika adabu yako. Unadhani ni nani aliyemfikisha hai hadi leo? Wewe?"

Kibanio mkononi mwa Sutapa kilikuwa kinadondosha utamu kwenye shuka, tone baada ya tone.

Kaka yake akafumbua macho. Akamwona mama, akaachama taratibu kama kinda, akangoja nyingine.