Tarakimu ya Nne

Nilikuwa nimeshabonyeza kwenye simu tarakimu tatu za namba ya siri. Ningebonyeza ya nne, elfu tisini zingeenda kwa chuo kinachofundisha wasaidizi wa madaktari wa meno.

Binti yangu Amondi aliingia akaufunika mkono wangu na simu kwa mkono wake.

"Baba, ngoja. Nimezunguka kliniki tatu za hapa Tassia. Nimewauliza wasaidizi wenyewe wanalipwa ngapi."

"Ngapi?"

"Elfu kumi na tano. Na wawili hawakusomea popote, walifunzwa kazini."

Bango la chuo liliahidi elfu arobaini. Kuna chuo kingine kilichonilia ada mwaka wa tisini na nane, na rangi ya geti lake naikumbuka hadi leo.

"Na wewe atakufunza nani?"

"Daktari wa kliniki ya tatu. Leo amenivisha glavu akanijaribu asubuhi nzima. Jumatatu naanza kuosha vifaa, elfu nane kwa mwezi, huku nikijifunza."

"Ameyaandika hayo?"

"Ameandika na kupiga muhuri. Kwani mimi ni mtoto wa nani?"

Akauondoa mkono. Kwenye kioo cha simu ulibaki unga mweupe wa glavu.

Nikafuta tarakimu ya tatu, ya pili, ya kwanza. Ule unga sikuupangusa.